Bomba Lililoishia Kwenye Ngoro za Mama Hilda

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni, kwenye mji wetu mdogo wa ufukweni, kutafuta betri za redio. Nikawakuta vijana wawili wamevaa vizibao vya kung'aa wakipigilia vigingi vyekundu kando ya barabara. Mmoja alikuwa anachungulia kwenye kamera ya miguu mitatu, mwenzake ameshika fimbo ya kupimia. Walinipa shikamoo, nikaitikia, nikauliza mradi wa nini.

"Majitaka, babu," akasema yule wa kamera. "Mji unakua. Tunaanzia hapa sokoni."

Nilifurahi kweli, maana hiyo ndiyo kazi iliyonilisha miaka yangu yote. Kisha nikauliza swali moja tu: "Na linaishia wapi?"

Akanitazama kama niliyemuuliza mahari ya dada yake. "Mwisho uko awamu ya pili, babu."

Betri nilizisahau palepale. Nimerudi nyumbani, kijijini Lundo kando ya ziwa, redio imekaa kimya, na ndiyo maana nina muda wa kuwaandikia nyie vijana mnaotoka vyuo vya ufundi na vizibao vyenu vipya. Msinichukulie kuwa mzee anayelalamika. Nataka kuwasimulia kosa langu, kabla hamjalirudia kwa gharama ya watu wengine.

Jina langu Longini. Ni Mmatengo wa upande wa Kigonsera, nimeoa Mnyasa, na baada ya kustaafu nimekuja kuzeekea ukweni. Ndugu zangu wa milimani hawajamaliza kunicheka kwa hilo; wanasema nimefuata dagaa. Nilikuwa fundi sanifu wa majitaka. Wanangu wakiulizwa shuleni kazi ya baba walijibu "yuko idara ya maji", hilo neno "taka" wakalimeza. Sikuwalaumu. Hata mimi nilipopeleka barua ya posa kwa wazazi wa Leokadia nililimeza.

Kazi nilifundishwa jijini na mnyapara mmoja aliyeitwa Mzee Salumu. Alikuwa mtu wa kuvaa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kuingia kwenye chemba, yale mashimo ya kukagulia bomba, na alitoka humo ikiwa bado na mstari wake, sijui alifanyaje. Siku yangu ya kwanza alinipeleka mbali na mji, kwenye mabwawa ambako majitaka yote yanafika yakatulie na kujisafisha kwa jua. Nilidhani tunakwenda kuanza kazi. Akaniketisha ukingoni, akanipa muhogo wa kuchoma, akaniambia nile.

"Hapa ndipo mwanzo," akasema. "Bomba la maji safi unalianzia kwenye chanzo. Bomba la majitaka unalianzia mwisho. Bwawa kwanza, halafu bomba, unapanda nalo hadi mlangoni kwa mtu. Choo huanza na shimo. Umewahi kuona mtu anaanza na mlango?"

Nikasema sijaona. Nikamaliza muhogo wangu, kwa shida kidogo, na nikajiona nimeshakuwa fundi.

Ufundi wenyewe ulinichelewa. Mtu aliyekulia milimani ana kiburi cha mteremko. Kwetu nyumba iko juu, shamba liko chini, jirani yuko ng'ambo ya korongo, kwa hiyo nilidhani kushuka ni jambo ninalolijua kwa kuzaliwa. Mzee Salumu aliponipa kipande changu cha kwanza cha kulaza mabomba, nililipatia bomba mteremko wa nguvu, nikaona fahari. Alipokuja kukagua alitoa chungwa mfukoni, akalitumbukiza kwenye chemba ya juu, akafungulia maji, tukashuka kulisubiri chemba ya chini. Maji yalifika mbio. Chungwa halikufika. Tulisimama pale mpaka jua likatuchoma utosini.

"Umeyapa maji haraka," akasema, "yamekimbia yakaacha mzigo nyuma. Fukua."

Nilifukua siku tatu. Chungwa lilikuwa limekwama kwenye kiungo nilichokikaza ovyo, na lilikuwa bado zima. Alilimenya akalila mbele yangu, alisema ni adabu kwa chungwa. Siku hizi mna vifaa vya mwanga vinavyowaonyesha mteremko mpaka unene wa ukucha, na mna kamera za kutambaa ndani ya bomba kama panya. Tumieni, ni baraka. Ila nunueni na chungwa, kwa sababu kamera huonyesha bomba lilivyo, chungwa huonyesha litakavyofanya kazi.

Jijini ndiko nilikojifunza pia kusubiri fedha. Kuna mtaa uliongoja bomba kuu tangu nikiwa kijana wa kubeba saruji, na watoto waliokuwa mgongoni mwa mama zao siku ya uzinduzi walikuja kuandikishwa darasa la kwanza bomba halijafika. Mradi mkubwa hauleti fedha zake kwa mkupuo. Fedha zinakuja kwa awamu, na kati ya awamu na awamu kuna barua, na kati ya barua na barua kuna mtu aliyesafiri. Mimi nilikuwa najiuliza kwa nini tusisubiri tu, si tutaendelea tulipoachia?

Hamtaendelea mlipoachia. Mradi ukisimama, watu ndio wanaosimama. Vitu vinaendelea na safari yake. Kuta za mtaro zinabomoka. Mabomba ya plastiki yaliyoachwa juani yanapinda. Mipira ya kuungia inatafunwa na panya, chemba zinajaa mchanga, mifuniko inaondoka usijue imekwenda wapi. Mkandarasi akirudi, kazi yake ya kwanza ni kufanya upya yaliyokwishafanyika, na bei ya kila kitu imepanda wakati amelala. Hivyo fedha za awamu ya pili hulisha kwanza makovu ya awamu ya kwanza, na kinachobaki hakifiki mwisho. Halafu mnaitafuta awamu ya tatu.

Yote hayo niliyajua. Shikeni hapo, kwa sababu nisingekuwa nayajua ningejisamehe mapema.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilihamishiwa nyumbani, Mbinga. Mji ulikuwa umejaa. Kahawa ilipokuwa na bei nzuri watu walijenga, magesti yakaota, na kila nyumba ilikuwa na shimo lake la choo pembeni ya shimo la jirani. Ukaja mradi: bomba kuu kutoka sokoni, lishuke kando ya mji, lipite kwenye mteremko wa mashamba, liingie kwenye mabwawa yatakayochimbwa bondeni. Kwenye karatasi ulikuwa mradi mzuri. Fedha zilikuwa awamu mbili.

Kikao cha kupanga kazi nilikuwemo. Mkuu wa mradi, bwana mmoja mpole, alieleza kuwa tutaanzia sokoni. Mtu mmoja akauliza kwa nini tusianzie mabwawani. Yule bwana akatabasamu. "Sasa ndugu zangu, wageni waje wakate utepe kwenye bwawa la mavi?"

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wengine, na Mzee Salumu alikuwa ameshafariki hivyo hakuweza kunitazama. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Ningeweza kusema maneno manne tu, "bwawa kwanza, halafu bomba", na pengine yasingesikilizwa, lakini yangeandikwa kwenye muhtasari.

Utepe ulikatwa sokoni, ngoma ikachezwa, mashine zikachimba. Kiangazi chote tulilaza mabomba vizuri mno. Nilitumbukiza machungwa kila chemba na kila chungwa lilifika. Tukatoka mjini, tukafika kwenye ukingo wa shamba la mama mmoja mjane, Mama Hilda, tukajenga chemba ya mwisho ya awamu ile, na mkandarasi akaanza kuchimba mtaro wa kukatisha shamba lake kuelekea bondeni. Alikuwa amechimba kama urefu wa uwanja wa mpira alipoambiwa malipo yake yamekwama. Alisubiri wiki mbili, akapakia mashine zake kwenye lori, akatupungia mkono. Alitupungia vizuri tu, hakuwa mtu mbaya. Wafanyakazi wake nao walikuwa na watoto.

"Fedha ziko njiani," tuliambiwa. Niliisikia sentensi hiyo misimu mitatu ya kahawa. Sijui njia hiyo ilikuwa inapitia wapi.

Kwa wale msiokuwa wa milimani, niseme kidogo kuhusu lile shamba. Sisi Wamatengo hulima ngoro. Majani yaliyofyekwa hulazwa kwenye mteremko kwa miraba, kisha hufunikwa udongo unaochimbwa katikati ya mraba, hivyo mlima mzima unakuwa na vishimo vilivyopangana, na kwenye kingo zake ndipo hupandwa maharage na mahindi. Mvua ikinyesha, kila kishimo kinapokea maji yake, kinayatuliza, kinayanywa. Udongo hauondoki. Nimekua nikiamini kwamba hakuna kitu ambacho ngoro haiwezi kukizuia. Chini ya ngoro za Mama Hilda kulikuwa na chemchemi, na kitongoji kizima kilichota pale, tangu babu zake.

Sasa kosa la pili. Shemeji yangu Kosmas, kaka yake mke wangu, alikuwa na gesti karibu na soko, nyumba safi, na kila Ijumaa alituletea dagaa na samaki wa mbasa kutoka ziwani. Shimo lake la choo lilikuwa limejaa. Gari la kunyonya lilikuwa likitoka mbali na lilikuja kwa mbinde. Akaja nyumbani, akakaa, akanywa chai, akasema: "Shemeji, bomba linapita mlangoni kwangu. Jipya. Tupu. Mnalitunza la nini?"

"Halina mwisho, Kosmas."

"Si mwezi ujao mkandarasi anarudi? Wewe mwenyewe ulisema."

Ni kweli nilisema, kwa sababu na mimi niliambiwa. Nikapiga hesabu kichwani: gesti moja, vyumba vichache, maji kidogo. Yatashuka, yatatoka kwenye chemba ya mwisho, yataingia kwenye mtaro, na pale ubavuni pana ngoro. Ngoro zitayanywa. Fundi aliyetoka pwani asingefikiri hivyo, angeogopa. Mimi Mmatengo nikamwamini mama yangu na jembe lake la ngoro. Nikamwambia Kosmas aunganishe, kwa muda.

Mji hauna siri ya choo. Ndani ya miezi miwili nyumba nyingine zilikuwa zimejiunga zenyewe, mafundi wa mitaani wakitoboa bomba letu kwa patasi. Nilipowafuata waliniuliza, kwa adabu kabisa, shemeji yangu ana kibali gani. Nikajipa moyo: ngoro zinakunywa. Na kweli zilikuwa zinakunywa. Ukipita shambani husikii harufu ya kutisha, huoni kitu. Mvua zilianza, zikakolea, na mimi nilikuwa ofisini nikiandika barua ya kuulizia fedha, ya ngapi sikumbuki.

Asubuhi hiyo mlango ulisukumwa. Aliingia mwanamke mzee, mwembamba, kitenge kimelowa mpaka magotini, na ndoo ya bluu kichwani. Nilisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Longini wa mabomba?"

"Ndiye, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Alitua ndoo juu ya meza yangu, juu ya ramani ya mradi, akafunua kitambaa. Alikuwa na kata ya kibuyu mkononi. Akachota, akaninyooshea.

"Onja."

Harufu ilinifikia kabla ya kata. "Mama, haya maji ni ya wapi?"

"Ya kwangu. Ya chemchemi." Ndipo nikajua ni Mama Hilda. Alizungumza Kimatengo, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Kwetu mtu akipika pombe, anaonja yeye kwanza wageni wakimwona. Anatoa uchawi. Ni hivyo au sivyo?"

"Ni hivyo, mama."

"Pombe hii mmepika nyie huku juu. Sisi wageni tumekunywa wiki mbili na mwenye kupika hajaonja. Wajukuu zangu wawili wanaharisha tangu Jumapili, mmoja hawezi kusimama. Onja, mwanangu, tujue ni uchawi au si uchawi."

Vijana, nimeingia kwenye chemba ambazo hamtaziona. Nimetia mikono yangu mahali ambapo msingetia fimbo. Lakini kata ile sikuweza kuipokea. Nilitazama ramani chini ya ndoo, imelowa, na nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona kabla wala baada.

"Basi hata wewe unajua," akasema. Akairudisha kata kwenye ndoo. "Naiacha hapa. Nitakuja kuichukua siku utakayoonja."

Akaondoka kwa miguu, mvua ikinyesha.

Nilikaa kidogo nikatambua kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu kwetu anakijua. Ngoro hazizuii maji yasiende popote. Zinayazuia yasikimbie, kisha zinayapeleka chini polepole, na chemchemi ya Mama Hilda ilikuwa ni maji ya ngoro hizohizo. Nilichokimwaga juu yake ndicho nilichompa anywe. Mimi nilisoma, nikapata cheti, na sikuliona.

Mchana uleule niliwapeleka kwanza wale wajukuu hospitali kwa gari la ofisi; walipona, nashukuru Mungu, yule mdogo baada ya siku sita za wasiwasi. Kesho yake nikaingia kwenye chemba ya juu na matofali, saruji na gunia la mchanga, nikaliziba bomba kwa mikono yangu. Kuziba bomba linalotumika kuna namna yake: unaanza na gunia kupunguza nguvu ya maji, unapanga matofali kutoka pembeni kuja katikati, unaacha tundu la kupumulia, na tundu unaliziba mwisho saruji ikishashika. Ukiziba kwa pupa ukuta unakurudia kifuani. Halafu nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu warudi kwenye mashimo yao. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya shemeji.

"Wageni wangu waende wapi?" akauliza Kosmas.

"Sijui, shemeji. Najua wasikokwenda."

Dagaa wa Ijumaa walikoma. Leokadia alinipikia mlenda mfululizo bila kuniuliza kama naupenda. Nilistahili.

Kuziba hakukurudisha chemchemi. Wanawake wa kitongoji walianza kuvuka bonde kwenda kuchota mto wa ng'ambo, wakipanda na ndoo mteremko ambao mimi sasa siuwezi hata mikono mitupu. Nilimpelekea Mama Hilda habari kwamba bomba limezibwa. Alisema vizuri, na ndoo yake iko wapi? Nikamwambia iko ofisini. Akasema ikae.

Ikakaa kwenye kona, misimu mitatu. Kila mgeni wa mradi aliyekuja kukagua na kupiga picha alikuwa akiiuliza, na mimi nilikuwa namweleza yote, mpaka mkuu wa mradi akaniomba niwe naifunika. Sikuifunika. Nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa barua na ndoo, na niliona ndoo inasomeka zaidi.

Wakati wa kusubiri, tatizo likawa mtaro. Udongo uliochimbwa ulikuwa umerundikwa kando yake, na kila mvua iliupeleka chini. Nikawaambia kina mama: pandeni kitu pale, mizizi iushike. Loo! Kumwambia Mmatengo apande kwenye udongo uliotifuliwa ni kumwambia samaki aogelee. Walilaza majani, wakafunika, rundo zima la mradi likawa ngoro, na maharage yakakubali ajabu. Mkaguzi mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba mradi umeonyesha "maendeleo ya kijani". Nilicheka mpaka nikalia.

Fedha zilifika mwezi wa tano. Mkandarasi akarudi na masharti mawili: kazi ya kwenye mteremko imalizike kabla mwaka wa fedha haujafungwa mwisho wa Juni, la sivyo kilichobaki kinarudi kilikotoka, na udongo wa kufukia mtaro ni uleule uliorundikwa, hakuna mwingine. Juu yake maharage yalikuwa na maganda ya kijani, bado kama wiki nne yakauke. Chakula cha mwaka cha nyumba kumi na kitu, na mbegu za mwakani, na niliyewaambia wapande ni mimi.

Dereva wa mashine aliniuliza aanze lini. Nilimwambia anipe siku moja. Nikaenda kwa Mama Hilda, nikakaa kwenye kigoda alichonipa, nikamweleza bila kupamba. Tukisubiri maharage, fedha zinaondoka. Tukiyavunja, ni chakula chao. Nikamwambia nitaandika kuomba fidia.

"Fidia yako itakuja kwa njia ileile ya fedha zako?" akauliza.

Alichambua mchicha wake mpaka ukaisha. Kisha akasema niende zangu, nimwambie mtu wa mashine asije mapema sana.

Kulipokucha tulifika na mashine. Wanawake walikuwa wameshafika kabla yetu, wamekwishapanda hadi katikati ya rundo, wanang'oa maharage kwa mikono, mashina mazima, wanayafunga mizigo. Hakuna aliyeimba. Kazi hiyo kwetu huwa ina nyimbo. Dereva alizima mashine bila kuambiwa, akashuka akasaidia kubeba. Wiki ile kitongoji kilikula maharage mabichi asubuhi na jioni, kwa sababu mabichi hayawekeki. Baada ya hapo walinunua. Kwenye jiwe la msingi la mradi ule yameandikwa majina ya waliochangia. Yao hayapo, na ndiyo maana nayataja maharage yao hapa.

Tulimaliza Juni ikiwa imebakiza siku chache. Safari hii mabwawa yalikwisha kabla ya kiungo cha mwisho, nilihakikisha, nililala nayo. Nilitumbukiza chungwa sokoni, nikashuka mteremko mzima kwa miguu, nikalisubiri bondeni. Lilifika. Sikulila, mimi si Mzee Salumu.

Kosmas aliunganisha gesti yake, kwa kibali, na Ijumaa iliyofuata dagaa waliingia jikoni kama hawakuwahi kutoka. Tuliosha chemchemi, tukaijengea upya, tukapeleka maji yapimwe maabara, yakawa bado. Tulingoja mvua zote za mwaka ule zipite, wakapima tena, na majibu ya mara hii yalisema maji ni salama. Nilibandika karatasi ile kwenye mti pale pale chemchemini. Hakuna aliyechota. Wanawake walipita mbele ya karatasi wakaendelea kuvuka bonde.

Nilikuwa nimebakiza mwezi na nusu nistaafu. Nikaichukua ile ndoo ya bluu, nikaiosha, nikaenda nayo kwa Mama Hilda asubuhi. Tulishuka pamoja. Nikachota, nikanywa kata nzima, yeye akinitazama usoni kama anayetafuta mwizi.

"Haya," akasema. "Kesho uje tena."

Nikaenda kesho. Nikaenda keshokutwa. Kila siku nilikunywa mbele yake, na siku ya tatu walikuwepo wanawake wawili wa kushuhudia, wiki iliyofuata wanane, wananiuliza tumbo limelalaje. Niliwajibu kwa ukweli, pamoja na siku niliyokula vibaya harusini, ambayo ilitugharimu kuanza kuhesabu siku upya. Wenzangu ofisini walinicheka, fundi mzima na vipimo vya maabara mkononi, anapelekwa chemchemini kama mtoto anayenyweshwa dawa. Mimi sikuona ubaya. Karatasi imewahi kuwadanganya. Wiki ngapi waliambiwa fedha ziko njiani? Tumbo langu lilikuwa ndiyo karatasi pekee ambayo ofisi yetu haikuwahi kuitumia kuwadanganya.

Ndiyo maana, vijana wa vigingi vyekundu, sitaki mnijibu mimi. Shukeni kutoka sokoni, mfuate mteremko hadi bomba lenu la awamu ya kwanza litakapokoma, mtazame ni kwa nani. Mtamkuta mtu. Mpeni shikamoo, mumweleze kabla ya utepe.

Asubuhi moja, bado sijastaafu, nilichelewa, nikafika jua limeshapanda. Nilikuta ndoo zimepangwa kwenye mstari kutoka chemchemini hadi njiani, na wanawake wamekaa, hakuna aliyechota. Nilidhani kuna msiba. Mama Hilda alikuwa mbele kabisa na ndoo yake ya bluu. Nilinyoosha mkono kuchukua kata, kama nilivyozoea.

Akanipiga kibao mkononi, kidogo, kama mtoto.

"Acha," akasema. "Mwenye nyumba huonja kwanza."

Akachota, akanywa mpaka kata ikabaki tupu, akafuta mdomo kwa kitenge. Akachota tena, akaninyooshea, akasema, "Karibu, mgeni." Nikapiga goti, nikaipokea kwa mikono miwili.